Shauri la Ng'ombe wa Marieta

Gaudensia alimtambua ng'ombe kabla hajatambua kwamba amefungwa nyuma ya nyumba ya Marieta.

Ilikuwa Kwaresima, ukungu ungali umelalia mashamba ya Endagikot, na wanawake wa jumuiya kutoka Bashay walikuwa wakitembea kwa mstari mmoja kwenda kumzika mzee Nikolausi, katekista wa siku nyingi. Njia ilipita kando ya ua wa mikaratusi. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye kigingi, mwekundu, tumbo jeupe, akitafuna mabua ya mahindi bila haraka, na ndama akimgonga kiwele kwa kichwa. Kwenye paja la nyuma, la kushoto, palikuwa na kipara cha ngozi kisicho na unyoya hata mmoja, ukubwa wa kiganja.

Kipara kile Gaudensia alikifanya kwa mikono yake mwenyewe. Miaka minne nyuma, msimu wa baridi, ng'ombe huyu alipokuwa ndama, bado analazwa ndani karibu na meko, sufuria ya maji ya moto ilimponyoka. Alilia kuliko ndama. Akamtibu mwezi mzima kwa samli na asali, akimbembeleza kama mtoto wa kuzaa. Ndama akapona, akawa mtamba wa kupendeza macho, na mwaka jana, mtamba akiwa na mimba changa, Yohanes, mume wa Gaudensia, alitoka naye alfajiri na kurudi mikono mitupu. "Nimemuuza mnadani Dongobesh," alisema. "Kichwa kinaniuma, Mama Fransiska. Usiniulize mengi." Na yeye hakuuliza mengi.

Sasa alisimama njiani hadi wenzake wakamgonga mgongoni. Wimbo wa msiba uliendelea bila sauti yake. Kama ng'ombe yule angekuwa kwenye zizi lingine lolote Endagikot nzima, Gaudensia angesema yuko kwa watu wa haki, angeuliza habari zake, labda angemsogelea amkune paji la uso. Lakini nyumba ile ilikuwa ya Marieta.

Inafaa msomaji aambiwe mapema, maana Bashay yote inajua: kabla wazee wa akina Yohanes hawajafika kuposa kwa baba yake Gaudensia, walifika kwanza kwa baba yake Marieta, na huko walirudishwa mlangoni hata kiti hawakupewa. Mwaka uliofuata Gaudensia akaolewa. Ndoa ilikuwa njema. Yohanes hakuwahi kumwinulia mkono, hakulewa ovyo, alipalilia mwenyewe. Lakini kwa miaka ishirini na saba Gaudensia aliishi na hesabu moja kifuani: kwamba yeye ni wa pili kuulizwa. Siku za gulio alimtazama mume wake kwa pembe ya jicho wakati Marieta akipita. Yohanes akisalimia kwa furaha, ilikuwa kosa. Asiposalimia, ilikuwa kosa kubwa zaidi, maana kwa nini anajificha? Mwaka ambao Marieta alifiwa na mume, Yohanes alikwenda na majembe ya ng'ombe kumlimia siku moja, pamoja na wanaume wengine saba. Kwa wale saba Gaudensia hakuona neno. Yohanes alikula mboga isiyo na chumvi siku tatu mfululizo, akaimaliza, hakusema kitu.

Alirudi kutoka mazishini bila kukumbuka hata sala moja iliyosaliwa.

Yohanes alikuwa kitandani, palepale alipokuwa tangu kiharusi kilipomwangusha miezi kumi iliyopita, wiki chache tu baada ya ile safari ya Dongobesh. Upande wa kulia ulikufa, na ulimi ukafa nao. Alielewa kila kitu, daktari alisema, ila hakuweza kujibu chochote. Gaudensia alimgeuza, akamwosha, akamnyanyua kichwa, akakoroga uji wa ulezi. Alipofika kijiko cha tatu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Leo nimemwona mtamba wetu. Ana ndama dume. Amefungwa kwa Marieta."

Jicho la Yohanes likapanuka. Mdomo ukahangaika upande mmoja, sauti ikatoka kama ya mtu anayeburuta gunia, haikuwa neno. Mkono wa kushoto ukapapasa shuka, ukamshika kiwiko, ukamvuta. Kisha machozi yakaanza kumtoka, mengi, yakaingia sikioni.

Katika miezi kumi hakuwa amelia hata siku moja. Hakulia binti zao, Fransiska na Lucia, walipokuja kutoka kwa waume zao kumwona. Hakulia padri alipompaka mafuta ya wagonjwa. Sasa, kwa kutajwa tu jina la mwanamke yule, alikuwa analia.

"Kumbe unaye wa kumlilia," Gaudensia alisema. Akaweka bakuli chini, uji nusu, akatoka nje. Akainamia pipa la maji, akanawa uso mara tatu, wivu usinawike.

Kesho yake alikuwa kituoni. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi, lakini askari aliuliza swali fupi, kalamu mkononi: "Mama, huyo ng'ombe aliibiwa?"

Palikuwa na majibu mawili tu. La kwanza lilikuwa hili: hapana, mume wangu alimpelekea mwanamke aliyempenda kabla yangu, akanidanganya kwamba amemuuza. Gaudensia alilionja mdomoni, likamshinda kutamka mbele ya kijana yule na wenzake wawili waliokuwa wakinywa chai. Akachukua la pili.

"Aliibiwa," alisema. "Tulipokuwa hospitalini na mgonjwa. Ana kovu la maji ya moto kwenye paja la nyuma."

Alijua anasema uongo. Hakudanganyika hata dakika moja, na msomaji asimsaidie kwa hilo. Askari alimwambia wizi wa ng'ombe si jambo dogo, mtu akitiwa hatiani anaweza kukaa ndani miaka mitano. Gaudensia akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia, akatia dole gumba kwenye karatasi.

Marieta alikamatwa siku hiyohiyo. Alikaa mahabusu siku mbili kabla binti yake Rogathe hajapata wadhamini. Alipoulizwa ng'ombe amempata wapi, alijibu: "Sikumwiba." Alipoulizwa basi amenunua wapi, kwa nani, alipewa na nani, akajibu tena: "Sikumwiba," akanyamaza. Mtu asiye na maelezo kuhusu ng'ombe aliye kwenye kigingi chake, hata mtoto anajua kesi yake inaelekea wapi. Ng'ombe na ndama wakapelekwa kwa Abel, mwenyekiti wa kitongoji, wakae pale mpaka mahakama itoe uamuzi.

Marieta akiwa bado mahabusu, habari ilifika Hirbadaw, na Tomaso akaja, akipitia kituoni kwanza. Huyu ni mdogo wake Yohanes, aliyehamia kule Hanang zamani kufuata malisho, mtu wa maneno laini na viatu vilivyosuguliwa. Tangu kaka yake aanguke, alikuwa amekuja mara tatu, na kila mara aliondoka na ng'ombe wawili. "Nyasi za huku zimekwisha, shemeji. Kule watanenepa." Zizi lilikuwa limebaki na dume mmoja mzee na mbuzi. Gaudensia hakuwa na mtoto wa kiume wa kusimama mlangoni kuuliza, na mwenyewe hakuwa na nguvu za kuuliza.

"Umefanya vizuri sana, shemeji," Tomaso alisema, akijipigapiga mapaja kwa furaha. "Mali ya ukoo isipotee. Na kama kaka alikuwa na mmoja nje, si ajabu wapo wengine. Akirudishwa huyu, mimi nampeleka moja kwa moja kwangu, na mama na mtoto. Wewe una mgonjwa, utamchunga saa ngapi?"

Gaudensia alisikia, lakini hakusikiliza. Alikuwa anamfikiria Marieta kizimbani.

Siku ilipofika alivaa kitenge kipya na sweta la kanisani. Mahakama ya mwanzo ilijaa. Watu hawapati kila siku kuwaona wanawake wawili wazima, wote waimba kwaya, wakishtakiana kwa ng'ombe. Gaudensia aliapa kwa Biblia, akasema alichosema kituoni. Hakimu, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliandika polepole. Washauri wawili wa mahakama walimtazama Marieta, kisha wakatazama sakafu.

Marieta alikuwa amekonda. Kilemba chake kilifungwa vizuri, hata hapo, na Gaudensia aliuchukia uzuri wa lile fundo.

"Mshtakiwa," hakimu alisema, "una haki ya kumwuliza shahidi maswali. Unalo swali?"

"Ninalo moja, mheshimiwa." Marieta akamgeukia Gaudensia. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Yohanes anaendeleaje? Anakula?"

Chumba kikavuma. Mtu nyuma akacheka, akajikohoza. Gaudensia aliona giza. Mbele ya umma wote, mbele ya hakimu, mwanamke yule alikuwa na ujasiri wa kuulizia chakula cha mume wake.

"Swali hilo halihusiani na shauri," hakimu alisema.

"Basi sina lingine."

Shauri likaahirishwa kwa wiki mbili, Marieta ajitetee. Gaudensia alirudi nyumbani akizungumza peke yake njia nzima. Anakula? Anakula! Kwani nani anampikia, nani anamfulia, nani anamgeuza ubavu ili asiote vidonda? Usiku mgonjwa alipokoroma alimtazama, akawaza kwamba hata katika kichwa kile kilichonyamaza yule mwingine ana chumba chake, na funguo hana yeye.

Wivu ndio uliomrudisha Endagikot, si huruma. Siku tano kabla ya shauri alipata wazo kwamba Marieta atakuwa anakwenda kwa Abel kwa siri kumkamua ng'ombe, na wazo hilo halikumwacha apepete hata ungo mmoja wa maharage. Alimwomba jirani amkalie mgonjwa, akaondoka mapema.

Alikuwa sahihi, na hakuwa sahihi. Abel na mke wake walikuwa shambani. Zizini alimkuta Marieta, mzigo wa majani kichwani, anaushusha. Hakuwa na chombo cha maziwa. Ndama alikuwa amefunguliwa, ananyonya mpaka povu linamtoka. Marieta akainama, akachukua tambara lenye mafuta, akalipitisha juu ya kovu la paja taratibu, kama mtu aliyezoea.

"Habari za asubuhi, Mama Fransiska," alisema bila kushtuka.

Gaudensia hakuitikia. Tambara lile juu ya kovu lile lilikuwa limemkata maini. "Nimekuja kumwona ng'ombe wangu."

"Ni vizuri umekuja. Ni wako kweli."

"Usinicheke, Marieta. Bado hujafungwa."

"Sikucheki." Marieta aliegemea mti wa zizi. Alionekana mtu aliyechoka kubeba kitu kizito mno. "Kovu hili nzi wanalipenda. Yohanes aliniambia unalipaka samli, nikaendelea. Sikiliza, mama. Nilikuwa nimekatazwa kusema. Lakini nikienda gerezani, nani atakuja kukuambia? Nikolausi ndiye alikuwa shahidi, na Nikolausi tumemzika."

Kuna desturi ambayo watu wa milima ile hawahitaji kuelezwa. Mwenye akili halazi ng'ombe wake wote zizi moja. Ugonjwa upo, wachawi wa macho wapo, ndugu wapo. Mmoja unampeleka kwa mtu unayemwamini; yeye anakunywa maziwa na kutia mbolea shambani, uzao ni wako. Hakuna karatasi. Wanajua wawili na shahidi mmoja, na mara nyingi mke hajui. Siku mwenye ng'ombe akifa, matanga yakiisha, watunzaji wanasimama wenyewe mmoja mmoja na kusema: mimi nina wa marehemu. Gaudensia aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Hakuna mwanamke Bashay ambaye angemwona ng'ombe wa kwao kwa Paulo au kwa Petro asiifikirie mara moja. Yeye hakuifikiria, kwa sababu alimwona kwa Marieta.

"Yohanes alikuja na Nikolausi," Marieta aliendelea. "Alisema kichwa kinamzunguka, miguu inakufa ganzi. Akasema, nikianguka Tomaso atafagia zizi, mabinti zangu wameshaolewa. Huyu mmoja awe wa Gaudensia. Nikizikwa, usisimame matangani kumtaja. Ngoja ndugu waondoke, kisha umpelekee mkononi, yeye na uzao wake."

"Kwa nini hukusema polisi?"

"Niseme nini, na mwenyewe bado anapumua? Kumtangaza ng'ombe wa mtu aliye hai ni kumwita marehemu. Na Tomaso alikuwa amesimama mlangoni pa kituo. Kuwaambia askari kungekuwa kumwambia yeye."

Ndama aliacha kunyonya, akajilamba pua. Gaudensia aligundua kwamba amekaa chini, juu ya majani, na sketi yake imelowa.

"Kwa nini wewe?" aliuliza. Hilo ndilo swali alilokuwa amelibeba miaka ishirini na saba, halikuwa la ng'ombe.

"Nilimwuliza hivyohivyo. Akasema tangu baba yangu alipowarudisha wazee wao, hakuna mtu wa ukoo ule anayekanyaga kwangu. Hakuna atakayemtafuta hapa."

"Na mimi? Kwa nini hakuniambia mimi, mke wake?"

Marieta akalikunja lile tambara mara mbili, akalikunjua.

"Alisema, Gaudensia nikimwambia, atasikia jina lako tu. Ng'ombe hatamsikia."

Afadhali angempiga. Afadhali angesema, ndiyo, nililala naye, mara mia, kwenye shamba la ngano. Hapo Gaudensia angejua pa kuuweka uchungu wake, angelia, angemrarua kilemba, watu wangekuja kuamulia. Lakini hapakuwa na dhambi ya kushika. Palikuwa na mwanamume aliyeona kifo kinakuja, akamtafuta mtu wa kumkabidhi maisha ya mke wake, na mtu huyo hakuwa mke wake. Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililouma kuliko yote. Yohanes angemwambia, yeye angekuja hapa kila wiki kuchungulia, Bashay nzima ingejua kabla ya mwezi kwisha. Yale machozi kitandani hayakuwa ya Marieta. Yalikuwa ya mtu anayetazama mke wake akifungua mlango wa zizi la mwisho, naye hawezi kupiga kelele.

"Siku ya shauri mimi nitasema sikumwiba," Marieta alisema, akijitwika kamba yake. "Zaidi ya hapo sisemi. Wewe utajua mwenyewe."

Siku nne Gaudensia aligeuza jambo lile kila upande, akiwa anakoroga, anapepeta, anafua. Akishikilia uongo wake, Marieta anafungwa, na Tomaso anampeleka ng'ombe Hirbadaw. Akisema ukweli, kwamba mume wangu alimweka pale kwa ajili yangu, Marieta anaachiwa, na Tomaso anampeleka ng'ombe Hirbadaw vilevile. Mali ya ukoo isipotee. Njia zote mbili zilimfikisha uzeeni na dume mmoja mzee na mgonjwa wa kulisha. Ilibaki moja, na kila alipoifikia aliiruka, kama mtu anayeruka kaa la moto. Siku ya tano alikoma kuiruka.

Mahakamani siku hiyo Tomaso alikaa mstari wa mbele. Nje alikuwa ameacha kamba mpya juu ya pikipiki.

"Mheshimiwa hakimu," Gaudensia alisema kabla Marieta hajaitwa kujitetea, "naomba kusema neno."

Hakimu alivaa miwani. "Mlalamikaji, sema. Bado uko chini ya kiapo chako."

"Nilikwenda kumwangalia ng'ombe. Nimemwona vizuri. Si wetu."

Chumba kikalipuka. Karani akagonga meza. Tomaso alikuwa amesimama. "Shemeji! Wewe si ulisema kovu—"

"Kaa chini," hakimu alimwambia. Kisha kwa Gaudensia: "Mama, katika ushahidi wako ulisema kuna kovu la maji ya moto kwenye paja la nyuma. Kovu lipo. Nimeliona mimi."

"Lipo, mheshimiwa. Huyu lake liko kushoto. Wa kwetu lilikuwa kulia."

Hakimu alirudi nyuma kurasa mbili, akasoma, akamwonyesha mshauri mmoja kwa kidole. Hapakuwa na kushoto wala kulia kwenye maandishi, paja tu. "Kuna mtu mwingine wa nyumba yako anayemfahamu ng'ombe huyo?"

"Mume wangu, ambaye hasemi. Huyo ng'ombe wetu, mama yake nilikuwa namkamua mimi. Hakuna mwingine." Alisema hivyo bila kumtazama Tomaso.

"Na ilikuwaje ukamtambua kwa uhakika mara ya kwanza?"

Hapa ndipo paliposubiri aibu yake, na alikuwa ameiona tangu mbali. Angeweza kusema macho yake mabovu. Lakini uongo mmoja ulimtosha kwa siku moja.

"Nilimwona kwa Marieta," alisema. "Nina wivu naye, mheshimiwa. Tangu niolewe. Kila mtu humu ndani anajua."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja mzee dirishani alisema "ee" kwa sauti ndogo, kama anayeitikia sala.

Hakimu akamwambia kwamba kumsingizia mtu jinai ni kosa, na kwamba yeye mwenyewe angeweza kuondoka hapo na pingu. Gaudensia akasema anafahamu. Hakimu akamwuliza swali la mwisho, ili aandike: "Basi, kwa ufahamu wako, ng'ombe huyu ni wa nani?"

Alitazama kizimbani. Marieta alikuwa amejishika ubao kwa mikono miwili, uso wake mtupu, hakumsaidia hata kwa kope. Akitamka, itaandikwa. Itapigwa muhuri. Mtamba aliyemuuguza kwa mikono yake, na ndama dume, na wote watakaozaliwa, watakuwa wa mwanamke yule mbele ya serikali na mbele ya Mungu, na kumbukumbu ya kwamba ni wa Gaudensia itabaki mahali pamoja tu duniani, kifuani mwa Marieta. Hakuna shahidi. Hakuna hata Nikolausi.

"Ni wa Marieta," alisema.

Ilimtoka kwa shida, kama jino.

Mchana shauri lilikuwa limefutwa, na Abel akaleta ng'ombe na ndama uwanjani. Tomaso alikuwa kando ya pikipiki yake, amenuna, macho yakitoka kwa mwanamke mmoja kwenda kwa mwingine. Marieta alilijua jicho lile. Aliipokea kamba, akapita mbele ya Gaudensia, akasimama.

"Umeniaibisha mbele ya watoto wangu," alisema kwa sauti ambayo hata wauza ndizi walisikia. "Mungu akusamehe, maana mimi sijui kama nitaweza."

"Pita zako," Gaudensia alimjibu. "Ondoka machoni pangu na ng'ombe wako."

Wote wawili walikuwa wakimwigizia Tomaso. Lakini Gaudensia hakulazimika kutafuta sauti, ilikuja yenyewe, kali, ya miaka ishirini na saba. Na machoni mwa Marieta aliona kwamba naye, kuhusu zile siku mbili za mahabusu, hakuwa anaigiza hata kidogo. Ng'ombe akavutwa, ndama akafuata mbio. Tomaso akatema mate, akafunga kamba yake mpya kwenye kiti, akawasha pikipiki.

Yohanes alikuwa macho alipoingia. Jirani alikuwa amemweka juu ya mito miwili, uso kuelekea mlango. Gaudensia alivua kandambili, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua sweta.

"Shauri limekwisha," alimwambia. "Nimesema si wetu. Amerudi kule ulikomweka. Tomaso ameondoka hana kitu."

Alisubiri. Hakujua anasubiri nini. Shukrani, labda, au haya. Yohanes alimtazama na lile jicho zima kwa muda, kana kwamba anayapima maneno yale moja moja. Kisha pumzi ndefu ikamtoka, kifua kikashuka, vidole vya kushoto vikaachia shuka ambayo vilikuwa vimeishika, kama Gaudensia alivyogundua sasa, tangu Kwaresima. Akalala. Hakukoroma, hakushtuka, alilala usingizi mzito wa mtu aliyerudisha mifugo yote nyumbani.

Gaudensia alimfunika mabega. Alijua ni Marieta, si yeye, ambaye Yohanes alimwamini hata akaweza kulala hivyo. Alivuta kigoda, akakaa, akauonea wivu hata ule usingizi.